KARATASI YA DAMU ISOMWE, NGOZI ISICHEKWE

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaolala bwenini tunaijua methali hii kuliko wengi, maana hapa mtu akianza kujikuna tu, majirani wa kitanda chake huhama kabla hata ya huyo kunguni kutafutwa. Ataitwa majina. Ataambiwa haogi. Wengine watasema eti kwao ni wachafu, na wengine, jamani, watanong'onezana kwamba amerogwa. Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya jambo hilo, na juu ya jambo jingine ambalo huenda hamkudhani lina uhusiano nalo: karatasi ya majibu ya damu.

Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo. Kijana akiwashwa na ngozi kwa miezi mingi na dawa za kawaida zisimsaidie, asichekwe, apimwe. Na akipimwa, karatasi ya majibu isisomwe neno moja tu, "hasi" au "chanya", kisha ikakunjwa na kutiwa mfukoni. Isomwe yote, na mwenyewe aelezwe.

Sisemi haya kwa kusikia tu. Mimi kwetu ni Kitui, lakini nina binamu, mtoto wa mjomba, ambaye kwao ni Makueni. Tangu alipoingia kidato cha kwanza alikuwa akiwashwa kwenye viwiko, magotini na makalioni. Vilitoka vilengelenge vidogo, vyote kwa jozi: kiwiko cha kulia kikitoka, cha kushoto nacho kinatoka. Akivikuna vinapasuka na kuacha alama nyeusi. Alipakwa dawa ya upele mara mbili, hakupona. Susu, yaani nyanya yetu, akamchemshia majani, hakupona. Kisha mama yake akasikia kanisani kwamba kuna watu wanaodhuriwa na ngano. Akamkataza mkate, mandazi na chapati zote. Baada ya miezi mitatu akampeleka kupimwa damu katika kituo fulani. Majibu yakatoka: hasi. "Hana kitu, mama. Mpake mafuta," wakaambiwa. Hakuna aliyemwuliza yule kijana amekuwa akila nini.

Swali hilo moja, "Umekuwa ukila nini?", ndilo lililosababisha makala haya.

Hebu kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Unaitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka nyingine ya nchi za baridi iitwayo rai, kuna protini inayoitwa gluteni. Mkitaka kuiona kwa macho, nendeni jikoni siku ya chapati. Unga wa ngano ukikandwa huvutika kama ulimbo. Kinachovutika hapo ni gluteni. Unga wa mahindi hauvutiki hivyo. Kwa watu wengi gluteni haina neno, lakini kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huiona kama adui, na katika vita hivyo huuumiza utumbo mdogo wa mwili wake mwenyewe. Utumbo huo una vijinyuzi vidogo vidogo kama zulia, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikilala na kuisha, mtu hula na asifaidike. Anaweza kuharisha au tumbo kujaa, lakini pia anaweza asihisi lolote tumboni akabaki tu na upungufu wa damu usiosikia vidonge, akadumaa au akachelewa kubalehe. Ugonjwa huu hauambukizi. Huenda na ukoo.

Sasa ngozi inaingiaje? Mwaka wa 1884, daktari Mmarekani wa mjini Philadelphia, Louis Duhring, alieleza ugonjwa wa ngozi wenye vilengelenge vinavyowasha mno akauita dermatitisi hepetifomisi. Jina ni refu na linatisha, tena linafanana na hepesi, lakini si hepesi wala hauna uhusiano na virusi hivyo. Ilipita miaka zaidi ya 80 ndipo watafiti wa Newcastle, Uingereza, walipoonyesha mwaka wa 1966 kwamba wagonjwa hao wa ngozi wana majeraha yale yale ya utumboni kama ya seliaki. Kumbe ni ugonjwa mmoja, ila umetokea mlango mwingine! Wengi wanaotokewa na vilengelenge hivyo hawalalamiki tumbo hata kidogo.

Najua kuna watakaosema, "Huo ni ugonjwa wa wazungu, sisi Wakamba unatuhusu nini?" Ni kweli kwamba uligunduliwa sana huko. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, nchi yake ilipokuwa na njaa kali ya vita na mkate ukaadimika, watoto wagonjwa wa seliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka wa 1950 akatoa tasnifu yake iliyothibitisha kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwadhuru. Lakini hadithi haikuishia Ulaya. Mwaka wa 1999, watafiti walipowapima watoto wa Kisaharawi, watu wa huku huku Afrika upande wa kaskazini-magharibi, waliwakuta wenye seliaki ni zaidi ya 5 kati ya kila watoto 100. Duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa mtu 1 hivi kati ya 100. Kwa hivyo ugonjwa hauangalii rangi. Unahitaji urithi fulani wa damu, na unahitaji ngano. Nasi, kadiri tunavyozidi kula mkate na chapati, ngano tunayo.

Naja sasa kwenye ile karatasi. Kipimo kinachotumika zaidi huandikwa kwa kifupi tTG-IgA. Hutafuta kingamwili za aina fulani, yaani askari wa damu wanaokishambulia kimeng'enya kimoja cha mwili. Kipimo hiki hakifanywi katika kila zahanati, na si cha bure. Mzazi anayeuza mbuzi ili mtoto apimwe anastahili kujua alicholipia. Ninavyoona mimi, kuna maswali manne ambayo kila kijana na mzazi wake wanapaswa kuyauliza.

Swali la kwanza: nilikuwa nikila ngano kabla ya kupimwa? Askari hao wa damu huamshwa na gluteni. Mtu akiacha ngano, hupungua polepole hadi wasionekane, na kipimo kikasema hasi ilhali ugonjwa upo. Ni kama kumtafuta mwizi kijijini baada ya yeye kuhama. Waganga wa Uingereza huelekeza kwamba mtu awe amekula vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa muda wa angalau wiki 6 kabla ya kutolewa damu. Haya, tafakarini jambo hili tukiwa hapa Ukambani. Kwetu nyumbani chakula ni isyo, muthokoi, ngima na nthooko, nzuu na ndengu. Mwanafunzi akikaa likizo nzima kwao huenda ngano akaionja Jumapili moja tu. Sheria ya wiki 6 iliwekwa na watu ambao mkate uko mezani kila asubuhi. Kwao ni rahisi kusahau kuuliza. Kwetu swali hilo lisipoulizwa, kipimo chenyewe kinaweza kuwa kazi bure. Ndiyo maana nasema, asikudanganye mtu: usiache ngano kabla ya kupimwa, labda daktari mwenyewe akuambie hivyo.

Swali la pili: nambari yangu ni ngapi, na mpaka wa maabara hii ni upi? Maabara hazitumii kipimio kimoja. Nambari 15 inaweza kuwa juu ya mpaka mahali pamoja na chini ya mpaka mahali pengine. Kwa hiyo usilinganishe karatasi yako na ya mwenzako. Linganisha nambari yako na mpaka ulioandikwa kando yake. Halafu, kuvuka mpaka kidogo si sawa na kuuvuka mara 10. Kwa watoto na vijana, wataalamu wa Ulaya walikubaliana mwaka wa 2020 kwamba nambari ikifika mara 10 ya mpaka au zaidi, na damu ya mara ya pili ikathibitisha kwa kipimo kingine, ugonjwa unaweza kukubaliwa bila kuchukua kipande cha utumbo. Chini ya hapo, daktari huhitaji kukichukua kipande hicho kwa mrija unaopitishwa mdomoni.

Swali la tatu: je, IgA yangu yote kwa jumla ilipimwa? Hapa ndipo wengi huachwa gizani. Kuna watu wazima wa afya ambao mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha, na miongoni mwa wenye seliaki watu hao ni wengi zaidi kuliko kwingineko. Kipimo kinachotafuta IgA kwa mtu asiye na IgA kitasema hasi daima, hata kama utumbo umeharibika. Utaitafutaje samaki kwenye kisima kisicho na maji? Mtu kama huyo hupimwa kwa kingamwili za aina nyingine, IgG.

Swali la nne: ngozi yenyewe imeulizwa? Baadhi ya wenye vilengelenge vya Duhring hutoa damu isiyoonyesha kitu. Kwao jibu liko kwenye ngozi. Daktari hukata kipande kidogo sana, si cha kilengelenge chenyewe bali cha ngozi nzima iliyo kando yake, na kukitazama kwa hadubini maalumu kama kuna IgA iliyojikusanya.

Binamu yangu alipata bahati ya kuonwa na daktari wa ngozi aliyeuliza swali la kwanza. Alipojibu kwamba hajala ngano miezi mitatu, daktari akatikisa kichwa akasema, "Basi karatasi hii haijatwambia kitu, kijana." Akaagizwa ale chapati au mkate kila siku kwa wiki 6. Mwasho ulizidi, maskini, lakini damu ya pili ilivuka mpaka, na kipande cha ngozi kikathibitisha. Miaka miwili ya kuitwa mchafu ikaeleweka siku moja.

Pamoja na hayo, naomba nisieleweke vibaya. Si kila anayejikuna ana seliaki, na sipendi kesho niwasikie watu wakikimbia mkate kama nyoka. Katika mabweni yetu kinachowasha zaidi ni upele wa kawaida. Upele huwasha hasa usiku, hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na kwa kawaida wenzake mtu nao huwa wanajikuna. Ni ugonjwa wa msongamano, si wa uchafu wa roho. Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka wa 2017. Dawa yake ipo, lakini haina faida ikiwa anapakwa mmoja na wanaolala naye wanaachwa. Bweni zima litibiwe siku moja, na nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Kuna pia choa na kuna ukurutu. Haya yote yatazamwe kwanza. Nisemacho ni kwamba yakishatazamwa na kutibiwa sawasawa na mtu akabaki vile vile, isiwe ndio mwisho wa safari.

Tena tusigawane vidonge. Ipo dawa iitwayo dapsoni, ile ile itumikayo kwa ukoma, ambayo hutuliza mwasho wa vilengelenge hivi kwa siku chache. Lakini haitibu utumbo, na inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, hasa kwa watu waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo ni wa kawaida katika sehemu zenye malaria. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kuipewa. Dawa ya kudumu ni chakula, nayo inataka subira: ngozi inaweza kuchukua miezi mingi, pengine hata miaka miwili, kabla ya kutulia bila vidonge.

Na hapa nataka kutamba kidogo kwa niaba ya Ukambani. Huko Ulaya na Marekani mgonjwa wa seliaki hununua mkate maalumu kwa bei ya kutisha. Sisi chakula chake tumekula tangu enzi za mababu! Mahindi hayana gluteni. Mtama, ambao sisi huuita muvya, hauna. Mwee hauna, wimbi hauna, wala mihogo, viazi, mchele, maharagwe, pojo na mbaazi. Sahani ya isyo ambayo baadhi yetu huiona aibu mbele ya wageni wa Nairobi ndiyo dawa ya mtu huyu. Kinachomtoa njiani ni vitu vidogo: mwiko uliokoroga unga wa ngano, mafuta yaliyokaanga mandazi kisha yakakaanga viazi, unga wa uji uliochanganywa na ngano bila yeye kusoma pakiti.

Lakini sifa isitulevye. Mtu anayetegemea mahindi kila siku anahitaji mahindi salama, na sisi wa Kitui na Makueni tunajua gharama ya mahindi mabaya. Mwaka wa 2004, mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini yaliwapata watu wa wilaya za mashariki, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mahindi yasipokaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 na kuwekwa mahali pakavu, ukungu hupata makao. Kwa hiyo anayeepa ngano asile mahindi tu kutwa kucha. Abadilishe na muvya na mwee, ambayo isitoshe hustahimili ukame wetu.

Sasa nageukia shule, na walimu wangu mniwie radhi kwa kuwa muwazi. Mtu atasema, "Tutapikaje sufuria mbili kwa sababu ya mtoto mmoja?" Mimi nasema hivi: siku ya chapati, muthokoi wa jana au ngima kidogo katika sufuria yake na mwiko wake haitafilisi shule. Asubuhi ya mkate, viazi vitamu viwili vinatosha. Mtoto asiyeona vizuri tunamketisha mbele darasani bila kuuliza wako wangapi. Huyu naye tumketishe anapoweza kula. Na tuache ile desturi yetu ya kumlazimisha mtu kwa upendo. Kwenye arusi binamu yangu huambiwa, "Kula tu kidogo, haidhuru." Inadhuru. Kidogo hicho ndicho kinachoamsha askari.

Kwa mapendekezo, ninayo matatu. La kwanza, viranja wa mabweni wakataze kumhamisha au kumcheka anayewashwa, na matroni aarifiwe siku hiyo hiyo, si baada ya mwezi. La pili, jiko la shule liwe na sufuria moja na mwiko mmoja visivyoguswa na unga wa ngano. La tatu ni letu sisi wenyewe wa Chama cha Kiswahili. Karatasi za maabara huandikwa kwa Kiingereza tena cha kifupi. Mama wa Mwingi au wa Kibwezi akiishika anaona herufi tu. Kama tunaweza kushindana kughani mashairi na kutunga vitendawili, tunaweza pia kuandaa bango moja la maneno kama kingamwili, mpaka wa kawaida, hasi na chanya, tuyaeleze kwa Kiswahili chepesi na Kikamba kando yake, tuliombee nafasi ukutani katika zahanati iliyo karibu nasi. Nani atatukataza? Lugha isiyomsaidia mama kusoma majibu ya mwanawe, tunaikuza kwa ajili ya nani?

Najua wapo watakaopinga, na ukumbi wa mijadala uko wazi Ijumaa yoyote. Mimi niko tayari. Lakini kabla ya mjadala huo, tazama kushoto na kulia kwako bwenini usiku wa leo. Ukimsikia mwenzako anajikuna gizani, usivute kitanda. Mwulize tangu lini, na umsindikize kwa matroni kesho asubuhi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu